Mazoezi, Mizani na Samaki Aliye Hai

Kwetu sisi tunaokaa kandokando ya maziwa, uvuvi si mchezo. Mvuvi wa Kyoga, wa Albert au wa Victoria huingia ziwani usiku, katika baridi na hatari ya mawimbi, kwa sababu nyumbani wako watu wanaongoja kula, na wako watoto wanaongoja karo ya shule. Akirudi na mashua tupu, nyumba nzima hujua. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba huko Amerika ya Kaskazini wako watu wazima, wenye akili timamu, wanaokwenda ziwani kwa wiki nzima, wakavua samaki, wakampima kwenye mizani mbele ya halaiki ya watu, kisha wakamrudisha majini akiwa hai, jambo la kwanza tutakalofanya ni kucheka. Jambo la pili, ikiwa tunapenda kujifunza, ni kuuliza wanafanya hivyo kwa sababu gani, na ndani ya mchezo huo kuna nini hata watu wautolee fedha nyingi na jasho jingi.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu mashindano hayo. Samaki anayeshindaniwa huitwa besi wa mdomo mdogo. Jina hilo limetolewa ili kumtofautisha na nduguye, besi wa mdomo mkubwa, ambaye taya lake la juu hupita nyuma ya jicho. La huyu wa kwanza halipiti. Rangi yake ni ya shaba iliyochanganyika na kijani, ana michirizi ya wima ubavuni, na macho yake mara nyingi huwa mekundu. Makao yake ya asili ni Maziwa Makuu yaliyo kati ya Marekani na Kanada, mto Saint Lawrence, na mito ya bonde la Mississippi, kama vile Ohio na Tennessee. Hupenda maji ya baridi, maangavu, yenye mawe na changarawe chini yake.

Kwa ukubwa, besi huyu si kitu mbele ya sangara wetu, ambaye wengi tunamwita mputa. Besi wa kilo mbili huhesabiwa kuwa samaki wa kujivunia, na yule anayeshikilia rekodi ya dunia, aliyevuliwa mwaka 1955 katika ziwa Dale Hollow, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Kentucky, alikuwa na uzito wa kilo 5.4 tu. Aidha, samaki huyu hukua polepole. Katika maji ya kaskazini yenye majira marefu ya baridi, huweza kupita miaka kumi kabla hajafikia uzito huo wa kilo mbili. Yafaa tulikumbuke jambo hili tangu mwanzo, kwani ndilo msingi wa mengi yatakayofuata. Samaki wa miaka kumi akiuawa leo, nafasi yake haitajazwa mwaka ujao.

Mashindano ya besi kama yanavyojulikana sasa yalianza mwaka 1967. Katika mwezi wa Juni mwaka huo, bwana mmoja aliyekuwa akiuza bima katika jimbo la Alabama, jina lake Ray Scott, aliwakusanya wavuvi 106 katika ziwa Beaver, jimbo la Arkansas, wakashindana kwa siku tatu. Mwaka uliofuata aliunda chama cha wavuvi wa besi, na mwaka 1971 kikafanyika kwa mara ya kwanza kile kinachohesabiwa kuwa kikombe kikuu cha mchezo huo, katika ziwa Mead, jimbo la Nevada. Scott alifariki dunia mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 88.

Katika miaka hiyo ya mwanzo, samaki walipimwa wakiwa wamekufa, wametungwa kambani. Haukupita muda mrefu kabla ya wenyeji wa maziwa hayo kunung'unika. Waliona magari ya wageni yakiteremka kwa makumi, samaki wakitolewa majini kwa mamia, kisha wageni wakaenda zao na zawadi, wakawaachia wenyeji ziwa lililopungua. Manung'uniko hayo yalikuwa na haki, na waandaaji walitambua kwamba mchezo wao usingedumu. Mwaka 1972 chama kilianza kampeni ya kuwataka washindani wasiue samaki wao. Tangu hapo kila mashua hulazimika kuwa na tangi la maji linalopuliziwa hewa, na mshindani anayeleta samaki mfu kwenye mizani hupunguziwa uzito. Katika mashindano makubwa ya leo adhabu hiyo ni aunsi nne, yaani kama gramu 113, kwa kila samaki aliyekufa. Mtu anaweza kuona kwamba gramu 113 ni kitu kidogo, lakini mara nyingi mshindi na anayemfuata wametengwa na uzito mdogo kuliko huo.

Sasa tuingie katika mazoezi, kwa sababu wanaoujua mchezo huu husema kwamba ushindi hupatikana katika mazoezi kuliko katika siku za mashindano zenyewe.

Mazoezi ya mcheza mpira ni kuuzoeza mwili. Mazoezi ya mvuvi huyu ni kulisoma ziwa. Kwa kawaida katika mashindano ya daraja la juu washindani hupewa siku tatu rasmi za mazoezi. Kabla ya siku hizo ziwa huwa limefungwa kwao kwa muda, na hawaruhusiwi kununua wala kuombaomba habari kutoka kwa wenyeji juu ya mahali samaki walipo. Kila mmoja lazima akatafute mwenyewe. Hutoka kabla ya jua kuchomoza na kurudi magharibi, na muda wote huo yumo katika kupima, yaani kina cha maji, joto la maji, upepo unakotoka, na chini kama kuna mawe, mchanga au majani.

Fikirini ukubwa wa kazi hiyo. Ziwa Erie peke yake lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 25,700. Lakini besi wa mdomo mdogo hawakutawanyika kote humo. Hukusanyika makundi makundi kwenye mwinuko wa mawe uliofichika majini, kwenye ukingo ambapo kina hushuka ghafla kutoka mita tano hadi mita kumi, au mtoni pale maji yaendayo kasi yanapopakana na maji yaliyotulia nyuma ya jabali. Tena hawakai mahali pamoja. Hufuata chakula, na chakula hufuata upepo na joto. Mahali palipojaa samaki siku ya Jumatatu panaweza kuwa patupu siku ya Alhamisi. Kwa sababu hiyo mshindani mwenye busara hatafuti mahali pamoja, bali hutafuta kanuni. Akipata samaki kwenye ncha ya mwamba wa kina cha mita nane upande uelekeao upepo, huenda kwenye ncha nyingine inayofanana na hiyo, kisha nyingine. Wakipatikana na huko, basi amekwisha pata ufunguo wa ziwa kwa wiki hiyo. Wasipopatikana, alichopata mara ya kwanza kilikuwa bahati, na bahati haiwekwi akiba.

Katika kutafuta huko hutumia mitambo ambayo babu zetu wasingeisadiki. Kuna chombo kinachotuma sauti majini na kuupokea mwangwi wake, kisha kikachora katika kioo umbo la sehemu ya chini pamoja na samaki wenyewe. Kuna chombo kingine kinachopokea ishara za setilaiti na kuweka alama ya mahali, hata mvuvi aweze kurudi pale pale katika ukungu. Siku hizi mitambo mingine huonyesha samaki akiogelea mbele ya mashua wakati ule ule, na chambo kikimteremkia. Jambo hili limezusha ubishi mkubwa. Wako wanaosema kuwa ni maendeleo, na wako wanaosema kuwa mvuvi amekuwa mtazamaji wa kioo. Waandaaji wakubwa wamekwisha anza kuweka mipaka ya matumizi ya mitambo hiyo, na ubishi haujamalizika.

Liko jambo moja katika mazoezi ambalo huenda likawashangaza wavuvi wetu. Mshindani akisha kutambua kwamba samaki wapo, hujizuia asiwavue. Wengi huzikata au kuzikunja ncha za ndoana zao, ili samaki akidaka chambo aonekane kisha ajiachie mwenyewe. Maana samaki aliyechomwa na ndoana leo atakuwa mwoga kesho, na kundi lililosumbuliwa huhama. Mtu huyo amekaa jua kutwa akitafuta samaki, na anapompata humwacha aende. Huo ni uvumilivu wa kweli, na si rahisi kwa mtu ambaye mkono wake umezoea kuvuta.

Basi siku ya mashindano inafika. Alfajiri mashua hujipanga ufukoni, wasimamizi huyakagua matangi ili wahakikishe kuwa hamna samaki aliyefichwa tangu jana, kisha mashua hutolewa moja baada ya nyingine kwa zamu. Ni mashua za chini, nyepesi, zenye mitambo mikubwa, na baadhi yake huweza kukimbia zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Washindani hutumia chambo bandia tu, mara nyingi kipande cha mpira laini kilichofanywa kufanana na samaki mdogo. Njia moja inayopendwa sana kwa besi wa mdomo mdogo ni kulifunga chubwi mwisho kabisa wa mshipi, na ndoana juu yake kwa kiasi cha futi moja, ili chubwi likae chini na chambo kielee pale pale mbele ya macho ya samaki, kikitikisika bila kwenda mbali.

Sheria kubwa ni samaki watano kwa siku. Mshindani akisha kuwa na watano tangini, akampata wa sita aliye mkubwa zaidi, humrudisha ziwani yule mdogo kuliko wote. Hivyo kutwa nzima hafanyi kazi ya kuongeza idadi, bali ya kuongeza ubora. Saa ya kurudi imewekwa, na haibembelezwi. Katika mashindano makubwa, kila dakika moja ya kuchelewa hukatwa ratili moja, yaani kama gramu 450, na anayechelewa zaidi ya robo saa hupoteza uzito wa siku nzima. Hapo ndipo hesabu ya upepo inapokuja. Ziwa Erie lina kina cha wastani wa mita 19 tu, wakati Victoria letu lina wastani wa mita 40. Ziwa lenye kina kifupi likipigwa na upepo, mawimbi yake huwa ya karibu karibu na yaliyosimama wima. Mshindani aliyekwenda mbali asubuhi katika maji matulivu anaweza kukuta njia ya kurudia imegeuka milima. Lazima achague: abaki kwenye samaki wakubwa dakika kumi zaidi, au aondoke sasa. Watu wamepoteza maelfu ya dola kwa dakika hizo kumi.

Mashindano ya daraja la juu huchukua siku nne. Kiasi cha watu mia huanza. Baada ya siku mbili hubaki hamsini wa mbele, na siku ya mwisho hubaki kumi. Mwezi Julai mwaka 2022, katika mto Saint Lawrence, kijana wa miaka 23 aitwaye Jay Przekurat alipima samaki ishirini kwa siku nne, na uzito wao wote ulikuwa ratili 102 na aunsi 9, yaani yapata kilo 46.5. Alikuwa mtu wa kwanza katika mashindano ya daraja hilo kupita ratili 100 kwa besi wa mdomo mdogo peke yao, na zawadi yake ilikuwa dola laki moja. Tukigawanya, kila samaki alikuwa na uzito wa kilo 2.3 kwa wastani, siku baada ya siku. Baada ya kupimwa, samaki walirudishwa majini.

Ndugu wasikilizaji, penye dola laki moja pana majaribu. Kwa sababu hiyo mashindano makubwa humweka msimamizi ndani ya mashua pamoja na mshindani, na mengi huweka katika sheria zake kwamba mshindi anaweza kutakiwa aketi mbele ya mtambo wa kupimia uwongo. Hatua hizo si za bure. Mwezi Septemba mwaka 2022, mjini Cleveland kando ya ziwa Erie, katika mashindano ya samaki wa aina nyingine aitwaye wolai, wavuvi wawili walileta samaki watano waliokuwa wazito kupita umbo lao. Msimamizi aliwatazama, akawashika, akaingiwa na shaka, akawapasua mbele ya watu wote. Ndani ya matumbo yao zikatoka risasi za madini mazito, pamoja na minofu ya samaki wengine. Zawadi iliyokuwa karibu kutolewa ilizidi dola 28,000. Wavuvi hao walishtakiwa, na mwaka 2023 walikiri makosa, wakapewa kifungo cha siku kumi, mashua yao ikachukuliwa, na leseni zao za uvuvi zikasimamishwa.

Wahenga walisema, samaki mmoja akioza huoza wote. Hasira ya wavuvi waliokuwapo siku ile haikuwa kwa ajili ya zawadi ya siku moja. Kila mmoja wao alianza kujiuliza ni mara ngapi katika miaka iliyopita alishindwa na vipande vya risasi. Uongo wa watu wawili uliyatia shaka matokeo ya mamia ya watu waliokuwa waaminifu. Mizani ndiyo hakimu wa mchezo huu, na hakimu akisha kuhongwa, hata mshindi wa haki hawezi kuthibitisha haki yake.

Lakini liko swali kubwa kuliko hilo la mizani. Je, ni kweli kwamba samaki aliyerudishwa hudumu? Jibu la haki ni kwamba wengi hudumu, wala si wote. Maji ya tangi yakipata joto sana samaki hudhoofika, na wengine hufa baada ya saa au siku kadhaa, hali mvuvi amekwisha kwenda zake na dhamiri safi. Samaki aliyevutwa haraka kutoka kina cha mita kumi na zaidi huvimba kwa sababu kifuko chake cha hewa hutanuka, naye hushindwa kurudi chini bila kusaidiwa. Na wakati mbaya kuliko wote ni majira ya kuzaliana. Maji yanapofikia kiasi cha nyuzi 15 za sentigredi, dume la besi hufagia changarawe kwa mkia wake na kutengeneza kiota, jike hutaga, akaondoka, dume hubaki. Hulinda mayai, na baadaye hulinda vitoto, kwa muda wa wiki kadhaa. Dume huyo akivuliwa, hata kwa dakika chache tu, wezi huvamia. Watafiti waliofanya kazi katika ziwa Erie walichapisha mwaka 2004 habari za jinsi samaki wadogo aina ya gobi wanavyoingia katika kiota kilichoachwa na kula mayai wakati baba yao yuko mikononi mwa mvuvi. Kwa sababu hiyo, katika sehemu kubwa ya mkoa wa Ontario, Kanada, uvuvi wa besi hufungwa hadi mwezi wa Juni, ili baba amalize malezi.

Habari ya gobi hao nayo ina mafunzo. Hawakuwa wenyeji wa maziwa yale. Walitoka pande za Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, wakasafirishwa katika maji ambayo meli kubwa hubeba ili zisiyumbe, na walionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1990 katika mto Saint Clair. Miaka miwili kabla yao, mwaka 1988, walikuwa wametambuliwa kome wadogo wenye milia, waliotoka pande zile zile. Kome hao huchuja maji wakila chembe zilizomo, hata maziwa yakawa maangavu kupita yalivyokuwa, na chakula cha viumbe wengine kikapungua. Besi alifaidika, maana gobi wakawa chakula chake tele, akanenepa. Wavuvi wa mashindano wakashangilia uzito mkubwa. Lakini uzito huo juu ya mizani hauwezi kutueleza ni viumbe gani wengine wamepungua ili huyu anenepe.

Na besi mwenyewe, akihamishwa, huwa mgeni mharibifu. Nchini Afrika ya Kusini aliletwa mwaka 1937 kwa ajili ya starehe ya wavuvi wa mshipi, na katika mito ya Rasi amewamaliza samaki wadogo wa asili katika sehemu nyingi. Katika mto Rondegat ilibidi wataalamu watie dawa majini, mwaka 2012 na tena mwaka 2013, ili kumwondoa katika sehemu ya mto na kuwapa wenyeji nafasi ya kurudi. Nduguye wa mdomo mkubwa aliingizwa katika ziwa Naivasha, kwa jirani zetu wa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920, vile vile kwa ajili ya starehe. Sisi tunaoijua historia ya sangara katika Victoria na Kyoga hatuhitaji kuhubiriwa juu ya jambo hili. Alitiwa katika maziwa hayo katika miaka ya 1950 na ya 1960. Alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni; na mamia ya aina za nkejje wetu wakatoweka. Faida na hasara viliingia kwa mlango mmoja.

Yafaa sasa tujiulize, yote haya yanatuhusu nini? Hapana mtu anayemtaka mvuvi wa Masese au wa Kasensero amrudishe majini mputa aliyemhangaikia usiku kucha. Kwake yeye samaki huyo ni chakula, ni karo na ni dawa. Kuuchezea uvuvi ni anasa ya watu walioshiba, na hatuna sababu ya kuwaonea wivu. Hata hivyo ndani ya anasa hiyo zimo desturi tatu ambazo mtu mwenye njaa anazihitaji zaidi ya aliyeshiba.

Ya kwanza ni kulijua ziwa kabla ya kutupa ndoana. Washindani wale hutumia siku tatu kujifunza kwa ajili ya siku nne. Wazee wetu walikuwa na elimu ya namna hiyo: walijua pepo, walijua miamba, walijua mwezi na majira ya kila samaki. Elimu hiyo isizikwe pamoja nao. Maofisa wa uvuvi na walimu wa shule za ufukoni wangefanya jambo jema kuikusanya na kuiandika.

Ya pili ni kumwacha mzazi azae. Nchi tatu zinazomiliki Victoria zilikubaliana juu ya kipimo cha sangara wa kuchakatwa viwandani, asipungue sentimita 50 wala asizidi sentimita 85, kwa sababu aliye mdogo hajazaa bado, na aliye mkubwa ndiye mzazi bora. Kanuni hiyo ina maana ile ile ya mlango unaofungwa Ontario hadi Juni. Tofauti iko katika utii. Kule mvuvi anayevunja sheria hupoteza mchezo. Huku akivunja sheria, hupoteza riziki ya mwanawe.

Ya tatu ni mizani ya kweli. Katika mialo yetu mizani iliyochezewa humwibia mvuvi kila siku, gramu chache kila kilo, bila halaiki ya kushuhudia wala msimamizi wa kumpasua samaki hadharani. Ikiwa watu wanaocheza wameona ulazima wa kuweka shahidi ndani ya kila mashua, basi sisi tunaokula kwa mizani hiyo tuna ulazima mkubwa zaidi wa kuikagua.

Mwisho, tusisahau kwamba Erie, Ontario na Saint Lawrence ni maji ya nchi mbili. Marekani na Kanada zilitia sahihi mkataba mwaka 1954, zikaunda tume moja ya kushughulikia samaki wa Maziwa Makuu, na mvuvi avukaye mpaka hutakiwa awe na leseni ya upande anaovulia. Sisi nasi tulifanya mapatano yetu mwaka 1994, Uganda, Kenya na Tanzania, na makao ya shirika lililozaliwa na mapatano hayo yako hapa hapa Jinja. Chombo tunacho. Samaki hajui mpaka. Akizaliwa upande mmoja huvuliwa upande wa pili. Serikali zinaweza kutia sahihi, na askari wanaweza kulinda doria, lakini kiasi cha samaki watakaobaki kitaamuliwa na mkono wa yule aliyeshika mshipi usiku, peke yake, pasipo mtu wa kumwona, akiwa na mputa mchanga katika ndoana yake.